Msichana Anayeitwa Maharagwe

Binamu yangu ana mimba ya miezi saba na jina tayari liko. Aliliandika kwenye grupu ya familia Jumapili usiku, bila utangulizi wowote: kama ni msichana, ataitwa Oganda. Dakika kama tatu hivi hakuna aliyejibu. Halafu waya, dada mkubwa wa baba yangu, akatuma ile emoji ya kucheka hadi machozi, mara sita mfululizo. Dani, ambaye huwa hachapi, akatuma sauti. Alicheka kwanza, akakohoa, ndipo akasema kwa Dholuo, nami nafupisha: nyakwara, yaani ubebe mtoto miezi tisa halafu umwite maharagwe?

Na kweli, ndivyo neno lenyewe linavyosema. Nenda soko la Kibuye Jumapili, mwambie mama wa nafaka unataka oganda, atakuuliza ya rangi gani na goro-goro ngapi. Ichanganye na mahindi upate nyoyo. Na huyu mtoto atasomea Kisumu, mahali ambapo chapo madondo ni chakula na pia ni silaha. Sihitaji kuwaambia watoto wa darasa la pili watamwita nani.

Kwa ile familia yetu mimi ndiye msee wa vitabu, kwa hivyo kesi ikaletwa kwangu. Binamu akaniandikia inboksi: si umwelezee dani jina limetoka wapi. Nilijua limetoka wapi. Limetoka kwa Grace Ogot, kwenye hadithi fupi ambayo mimi na yeye tulisoma tukiwa sekondari, kitabu kimoja kikizunguka watu wanne, kurasa za mwisho zikiwa zimeng'oka. Kwa miaka nilidhani naijua hadithi hiyo. Nilipoirudia ili nimtetee binamu, niligundua nilikuwa nimeisoma vibaya. Na nadhani wengi wetu tumeisoma vibaya, na tatizo linaanzia hapohapo kwenye jina.

Kwanza mambo ya tarehe, tuyamalize haraka. Ogot, mzaliwa wa Asembo mwaka 1930, muuguzi kwa mafunzo, aliisoma hadithi hii kwa sauti Makerere mwaka 1962, kwenye lile kongamano la waandishi wa Afrika ambalo watu hulikumbuka kwa kina Achebe na Ngũgĩ. Wakati huo iliitwa "A Year of Sacrifice." Mwaka uliofuata ikachapishwa Nigeria katika jarida la Black Orpheus. Mwaka 1968 ilirudi nyumbani na jina jipya, "The Rain Came," ndani ya mkusanyiko Land Without Thunder. Angalia hayo mabadiliko ya kichwa. Toleo la kwanza linataja kafara. La pili linataja mvua tu. Nitarudi hapo.

Kisa chenyewe: ukame umeshika nchi. Ndithi, mganga, anaota Podho, babu wa Wajaluo, akimwambia kwamba msichana ambaye hajamjua mwanamume lazima afe ili mvua inyeshe. Atolewe kwa zimwi la ziwani. Mganga anamweleza huyo msichana alivyo: ngozi kama ya swala mchanga, mwembamba, mrefu, pete sikioni, mnyororo wa shaba kiunoni. Ni Oganda, binti wa chifu Labong'o. Chifu analia, lakini anakubali. Mama yake Oganda, Minya, anazirai na kubebwa hadi nyumbani kwake. Wengine wanacheza ngoma. Msichana anatumwa peke yake hadi ziwani, na huko kijana anayempenda, Osinda, anatokea amevaa majani, anamvika naye vazi la majani ili mababu wasiwaone, na wanakimbia. Mvua inanyesha.

Sasa jina. Ogot anatuambia waziwazi, ndani ya Kiingereza chake, kwamba Oganda maana yake ni maharagwe, na kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya ngozi yake. Basi. Msomaji wa Ibadan au London anaridhika, anaendelea. Anaona jina la kupendeza la kienyeji, limetafsiriwa, asante. Lakini rudi kwenye ndoto ya mganga. Podho, kama mganga anavyosimulia, hataji jina la mtu. Anataja mwili. Ngozi. Yaani kile kitu ambacho kilimfanya mtoto apewe jina la mapenzi nyumbani ndicho kinachomtambulisha kwa wanaotaka kumuua. Jina ni alama iliyowekwa na waliompenda, na mganga anaisoma alama ileile. Nilipoliona hilo nilisimamisha kusoma nikaenda kuweka chai.

Kuna jambo lingine ambalo kila Mjaluo anayesoma atalihisi hata kama hatalisema. Kwetu majina mengi yana mlango wa wavulana na mlango wa wasichana. Ochieng' na Achieng' kwa waliozaliwa jua likiwaka, Otieno na Atieno kwa wa usiku, Okinyi na Akinyi kwa wa asubuhi (Ogot mwenyewe alikuwa Akinyi). Okoth na Akoth ni wa wakati wa mvua. Ukimsikia mtu anaitwa O-kitu-fulani, unatarajia mwanamume, na akina Oganda ninaowajua mimi wote ni wazee wa ndevu, au ni jina la tatu kwenye kitambulisho cha mtu. Msichana anayeitwa Oganda sijawahi kukutana naye. Bila shaka hiyo O si ile O ya jinsia, ni sehemu ya neno lenyewe, kama vile m ya "mama" si ile m ya "mtu." Lakini sikio halina subira na sarufi. Msomaji wa Kisumu anaposikia kwamba Oganda ni msichana, anajikwaa kidogo. Na katika hadithi inayohusu mvua, Ogot angeweza kwa urahisi kumwita Akoth, jina la kawaida, lenye mvua ndani yake. Hakufanya hivyo. Alichagua jina la nadra.

Kwa nini? Hapa ndipo nafikiri tafsiri ya maharagwe imetufunga macho.

Neno oganda lina maana nyingine kwa Dholuo, na linaandikwa vilevile. Oganda ni watu. Ni jamii, ni taifa, ni umati ulio na jina moja. Wanahistoria wanalitumia kwa yale makundi makubwa ya Wajaluo kando ya ziwa. Ukifungua Biblia ya Dholuo ukatafuta mahali pa "mataifa," unakuta wingi wake, ogendini. Ukisikiliza mikutano ya siasa, ni oganda hivi, oganda vile, oganda imeamua. Bethwell Ogot, mume wa Grace, alikuwa katika miaka hiyohiyo akiandika History of the Southern Luo, iliyotoka 1967, mwaka mmoja kabla ya mkusanyiko wa mkewe. Siwezi kuamini kwamba katika nyumba ile, kwenye meza ile ya chakula, neno hilo lilikuwa na maana ya maharagwe peke yake.

Soma upya sasa. Chifu Labong'o ana mtihani mmoja: amwokoe Oganda au aokoe oganda. Kwa Kiingereza ni mgongano wa mtu mmoja dhidi ya jamii, mada ya kawaida kabisa ya insha za fomu tatu. Kwa Dholuo ni neno moja linalojipiga lenyewe. Msichana anayepaswa kufa kwa ajili ya watu anaitwa Watu. Wakimwua, wanaua nani? Ogot hajibu. Hajawahi hata kuuliza kwa sauti. Ameacha swali ndani ya jina, akaweka maharagwe juu yake kama mtu anayefunika chungu kwa sinia, na akawaachia wenye masikio.

Najua kuna watakaosema nimezidisha. Waya yangu, kwa mfano, alisema hivyo kabla sijamaliza: wewe nawe, mtu akiitwa maharagwe ni maharagwe tu. Na inawezekana mwandishi hakukusudia. Lakini mimi sihukumu nia ya mwandishi, nahukumu maandishi, na maandishi yamejaa majina yaliyochaguliwa kwa akili ya mtu anayejua historia yake. Chukua Labong'o. Waacholi na Waalur wanasimulia juu ya ndugu wawili, Labongo na Nyipir. Nyipir anachukua mkuki wa ndugu yake, anaurusha kwa tembo, tembo anatoroka nao. Labongo hataki fidia, anataka mkuki uleule. Nyipir anaenda porini, anataabika, anaurudisha. Baadaye mtoto wa Labongo anameza ushanga wa Nyipir, na sasa ni zamu ya Nyipir kukataa fidia: anataka ushanga uleule. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanatengana mtoni Nile, kila mmoja upande wake. Wasimulizi hutofautiana juu ya nani alifanya nini, lakini mtoto anakufa karibu kila mara. Kwa Wajaluo wa Kenya kisa kilekile kipo, na huku ndugu hao mara nyingi huitwa Podho na Aruwa.

Labong'o. Podho. Mtoto. Katika hadithi ya Ogot, Podho anamwomba Labong'o mtoto wake. Ukishajua kisa cha ushanga, huwezi tena kusoma ile ndoto ya mganga kama mambo ya mvua tu. Ni deni la zamani limerudi kudaiwa, na kama kawaida anayelipa ni mtoto ambaye hakukopa chochote.

Inaniuma kidogo kwamba tulifundishwa hadithi hii kama ngano ya "mila na desturi." Mwalimu wetu alituandikisha orodha ya desturi ubaoni. Ogot alikulia kati ya mapokeo mawili, ngano za bibi yake jioni na Agano la Kale alilosomewa na baba yake, na ukitaka kuona anachofanya, fungua Waamuzi sura ya 11. Yeftha anaweka nadhiri, anashinda vita, binti yake wa pekee anatoka kumlaki kwa matari, na nadhiri inamwangukia yeye. Yule binti hana jina. Sura nzima, hana jina. Wasichana wa Israeli wanakwenda kumlilia siku nne kila mwaka na bado hakuna aliyeandika alikuwa nani. Ogot anachukua msichana wa namna ile na jambo analompa kabla ya lolote ni jina, na maelezo ya jina. Halafu anampa kitu ambacho binti Yeftha hakukipata: njia ya kutoroka.

Tukubaliane pia kwamba hadithi ina udhaifu. Osinda ni mwembamba kama karatasi. Anatokea ziwani na vazi la majani kana kwamba amekuwa akisubiri zamu yake nyuma ya pazia, na mhusika wa kike aliyekwisha kutembea safari nzima peke yake na hofu yake anageuka ghafla kuwa mzigo wa kubebwa. Wengi wamelalamika juu ya hilo, nami nalalamika pamoja nao. Linganisha na Akoko wa Margaret Ogola katika The River and the Source, kitabu ambacho nusu ya nchi ilikitahiniwa. Akoko naye anabeba maana yake mgongoni, jina limetokana na kelele aliyozaliwa nayo, na anaendelea kupiga kelele maisha yake yote, mpaka kwa wazungu wa Kisumu kudai haki yake. Jina lake ni tabia. Jina la Oganda ni swali tu, na yeye mwenyewe anapewa nafasi ndogo ya kulijibu. Anapoitwa na wazee anadhani wanapanga ndoa yake. Watu wote wanajua maana ya siku ile isipokuwa yeye.

Lakini twende kwa kile ambacho kweli kilinifanya niandike makala haya badala ya kutuma sauti ya dakika mbili kwa dani.

Wakati ngoma zinalia na Minya amezirai, jamaa wanamwambia Oganda kwamba ana bahati. Wanajigamba kwamba jina lake litabaki kati yao daima. Nilisoma hapo nikacheka vibaya. Jina lake liko wapi? Tembea Kisumu. Tembea Dunga, Lwang'ni, panda matatu ya Bondo, shukia Holo, uliza wasichana wangapi wanaitwa Oganda. Watu waliahidi kuliweka jina na hawakuliweka. Na sababu si kwamba ni neno la chakula. Sisi huwaita watoto Awiti na Owiti, waliotupwa, tukiwa na maana ya kukidanganya kifo kisiwachukue kama kilivyochukua waliowatangulia. Huwaita Ajwang', walioachwa. Huwaita kwa weusi, kwa njia walimozaliwa, kwa palizi. Maharagwe yangekuwa afadhali. Tatizo ni kwamba jina la kurithi hutoka kwa wafu. Mtu aliyekufa huja ndotoni akalitaka, au mtoto hulia usiku kucha mpaka atajiwe jina la yule anayemtaka, anyamaze. Oganda hakufa. Alikimbia mababu. Hayupo upande ule wa kutuma ndoto. Msichana aliyeponyoka hana mtu wa kumwita.

Kwetu majina yanayopendwa ghafla huja kwa njia nyingine. Novemba 2008, Obama aliposhinda, watoto waliozaliwa Kisumu katika hospitali kuu ya mkoa walianza maisha wakiitwa Barack na Michelle. Leo wanakaribia miaka ishirini, na wengine wao huenda wanasoma hapa. Ilikuwa furaha ya kweli, nisiidharau. Lakini hospitali hiyo, ambayo siku hizi inabeba jina la Jaramogi Oginga Odinga na ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia kwa sababu ya fedha za Wasovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo Kenyatta alikuja kuifungua, miezi mitatu baada ya Tom Mboya kupigwa risasi Nairobi. Watu walipiga kelele, mawe yakarushwa, na askari wakafyatua risasi kwenye umati, wakiendelea njiani msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilikubali vifo 11. Mjini hapa hakuna mzee anayekubali hesabu hiyo. Land Without Thunder kilikuwa dukani mwaka mmoja tu.

Sisemi Ogot alitabiri. Nasema mji huu umekuwa ukisikia sentensi ileile tangu hapo, kwamba mtu fulani ana bahati ya kufa kwa ajili ya watu. Tuliisikia 2008 Januari. Tuliisikia Agosti 2017, mwaka ambao mtoto wa miezi sita alipigwa rungu kichwani ndani ya nyumba yao Nyalenda, na uchunguzi wa mahakama ukasema mwaka 2019 kwamba polisi wanawajibika. Jina lake Kenya nzima inalijua. Sitalitumia kupambia makala. Kila baada ya miaka kadhaa kuna ukame wa namna fulani, kuna mganga aliyeota, na oganda inaambiwa itoe oganda. Na baada ya mazishi wanasiasa wanaahidi kwamba jina halitasahauliwa.

Yvonne Owuor analijua hilo, ndiyo maana nadhani hakuokota jina barabarani. Katika Dust, riwaya iliyoshinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2015, kijana anapigwa risasi katika barabara za Nairobi wakati nchi inasubiri matokeo ya uchaguzi wa 2007. Anaitwa Odidi. Dada yake Ajany anarudi kutoka Brazil kumtafuta katika vitu alivyoacha. Baba yao, aliyewahi kuwa polisi, amebeba siri zinazorudi nyuma hadi kifo cha Mboya na kupita hapo. Jina la ukoo wao ni Oganda. Na jina la baba ni Nyipir.

Nilisoma kitabu hicho mara mbili kabla ya kuliona, manze. Ogot alimpa Oganda baba aitwaye Labong'o. Karibu miaka hamsini baadaye Owuor akawapa kina Oganda baba aitwaye Nyipir. Ndugu wawili wa kisa cha mkuki na ushanga, kila mmoja na kitabu chake, kila mmoja akiwa amesimama juu ya mwili wa mtoto. Labong'o anakubali mtoto atolewe, na mtoto anaponyoka. Nyipir anataka kumleta mwanawe nyumbani, na anachorudisha kaskazini kwa ndege ni jeneza. Kama kuna mtu ameshaandika juu ya hili sijabahatika kukutana naye, na kama yupo, nitamnunulia samaki Lwang'ni. Kwa Owuor hakuna Osinda. Hakuna vazi la majani. Mama, Akai, hazirai akabebwa. Anauona mwili na kuondoka, anakimbilia nyikani na hasira yake. Huyo ndiye Minya aliyekataa kubebwa.

Basi niliandaa haya yote, nikayapanga vizuri kama wakili, nikampigia dani simu Jumatano jioni. Nilimweleza kwamba oganda si maharagwe peke yake. Akasema hilo analijua, yeye si mtoto. Nilimweleza Podho, Labong'o, mganga, ziwa. Akanisahihisha sehemu mbili za kisa cha ushanga, kwa sababu kwao kilisimuliwa tofauti. Nikafika kwenye mwisho, Osinda na yale majani, halafu ngurumo, halafu mvua. Nikangoja afurahi.

Kimya kidogo. Nilisikia kuku upande wake.

"Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, dani. Kubwa."

"Na msichana hakuliwa."

"Hakuliwa."

"Sasa wale kijijini watajuaje?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Nimesoma hadithi hii tangu sekondari na sijawahi kujiuliza. Tumefundishwa kwamba mwisho ule ni ushindi: mapenzi yameshinda mila, na mvua imenyesha bila damu, kwa hivyo mganga alikuwa mwongo. Lakini hayo tunayajua sisi wasomaji tu, tuliokuwa ziwani pamoja nao. Kule kijijini walimtuma msichana, na mvua ikaja. Kwao kafara imefanya kazi. Mganga ameheshimika kuliko jana. Ukame ujao ataota tena, na safari hiyo hakuna atakayebisha, kwa sababu si tulimtoa Oganda ikanyesha? Ndiyo maana, nadhani sasa, Ogot alibadilisha kichwa. "Mwaka wa kafara" ingekuwa hukumu ya msimulizi. "Mvua ilikuja" ndiyo sentensi ambayo wanakijiji wangeisema asubuhi yake, wakitoka nje kutazama mashamba, bila kujua walichokisema.

Nilitaka kumwambia dani haya. Lakini yeye alikuwa ameshavuka hapo, alikuwa na swali lingine.

"Na mama yake? Huyo aliyezirai. Kuna mtu alienda kumwambia mtoto yuko hai?"

Nilimwambia hapana. Kitabu kinaishia njiani, wamekimbia, hakuna anayerudi.

"Kwa hiyo alilala akisikia mvua juu ya paa," akasema, "akijua ndiyo hiyo."

Alikaa kimya tena. Halafu akaniuliza mtoto anatarajiwa lini hasa, na kama binamu anakula vizuri, na nimwambie aache kupanda boda-boda na tumbo hilo. Juu ya jina hakusema ndiyo wala hapana. Ila Ijumaa kulipokucha kulikuwa na sauti mpya kwenye grupu, ya sekunde tisa. Anamsalimia binamu, anamuuliza ameamkaje, na anamuuliza Oganda ameamkaje.